Kitengela: Mji wa Barabara Yenye Mabwana Wawili

Msafiri atokaye Nairobi kwa njia ya Mombasa hufika Athi River, na hapo huiacha njia ile na kugeuka kuume, kuelekea Namanga na mpaka wa Tanzania. Kwanza hukutana na vumbi la saruji na malori marefu. Kisha hupita viwanda vya EPZ, na baada ya mwendo mfupi huingia Kitengela. Apitaye mchana huona maduka ya mabati na misumari, mabasi madogo yakiita abiria, na ghorofa mpya zisizokwisha kujengwa. Lakini apitaye saa kumi na mbili za alfajiri huona jambo jingine. Pembeni mwa lami, katika giza linaloanza kupambazuka, watu wengi wanakwenda kwa miguu, na kati yao wachache wa baisikeli, wote wakielekea viwandani. Wengi ni wanawake washonao nguo ambazo zitavaliwa Marekani. Hufuata kijia cha udongo kilichochongwa na nyayo zao wenyewe, na mvua inyeshapo kijia hicho hugeuka tope, nao hupanda juu ya lami pamoja na malori.

Mji huu haukukua polepole kama mti. Uliota kama uyoga. Hapo zamani palikuwa kituo kidogo cha biashara, Noonkopir, jina ambalo limebaki mpaka leo kwa mtaa mmoja. Kandokando yake ilikuwa ardhi ya malisho ya Wamasai. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ranchi ya jumuiya ya Kitengela iligawanywa, kila mwanachama akapata kipande chake, na kilicho na mwenyewe mmoja ni rahisi kuuzwa. Mwaka 1990 ikapitishwa sheria ya kuanzisha viwanda vya EPZ, na wafanya kazi wakahitaji mahali pa kulala. Baada yao wakaja makarani wa Nairobi waliochoka na kodi za mjini. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta watu 154,436 katika Kitengela, na kaunti nzima ya Kajiado, ambayo mwaka 2009 ilikuwa na watu 687,312, ilikuwa imefikia 1,117,840. Mipaka ya ploti ilipimwa kwa uangalifu mkubwa, maana kila inchi ilikuwa fedha. Njia ya mtu wa miguu haikuwa na mnunuzi, basi haikupimwa.

Barabara yenyewe ni nzuri, wala si haki kuisema vibaya. Njia yote kutoka Arusha mpaka Athi River, kilometa karibu 240, ilitengenezwa upya kwa mikopo, mkubwa wao ukitoka Benki ya Maendeleo ya Afrika, na kazi hiyo ikamalizika mwanzoni mwa miaka ya 2010. Kabla ya hapo palikuwa na mashimo, na shimo, pamoja na ubaya wake wote, humfanya dereva apunguze mwendo. Lami iliponyoka, mwendo uliongezeka. Sheria ya Kenya husema ya kuwa ndani ya mji au kituo cha biashara gari lisipite kilometa 50 kwa saa. Lakini dereva atokaye Namanga amekuwa katika mbuga tupu kwa saa nzima au zaidi, na jicho lake halikubali upesi ya kuwa sasa yumo mjini. Ni ajabu kidogo, kwa kuwa dereva huyo huyo akiwa upande wa Tanzania hupunguza mwendo katika kila kijiji chenye alama ya 50. Amejua ya kuwa askari wa huko huitazama alama hiyo.

Hesabu ya mwendo si ya mzaha. Kwa vipimo wanavyofundishwa madereva wa Uingereza, gari liendalo kilometa 48 kwa saa huhitaji mita 23 mpaka lisimame. Liendapo kilometa 80 huhitaji mita 53. Nalo Shirika la Afya Duniani limeeleza ya kuwa mtu mzima agongwaye na motokaa kwa mwendo wa 50 ana hatari ya kufa isiyofika 20 kwa 100, bali kwa mwendo wa 80 hatari hiyo hukaribia 60 kwa 100. Mwaka 2023 watu zaidi ya 4,300 walikufa katika barabara za Kenya, na kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la wale waendao kwa miguu. Watu hao hawakuwa na motokaa wala hawakuvunja mwendo wo wote.

Basi, mwenyeji wa Kitengela aonaye mambo haya huuliza, ni nani awezaye kuweka tuta, au kivuko, au njia ya baisikeli? Hapa ndipo shida huanza. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali lake la Nne, iligawa kazi kati ya serikali mbili. Serikali za kaunti zilipewa barabara za kaunti, taa za mitaani, uongozi wa magari na maegesho. Barabara kuu zilibaki kwa serikali ya taifa, nazo zinasimamiwa na mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, ambayo watu huiita KeNHA. Barabara ya Namanga ni barabara kuu. Kwa hiyo lami ipitayo katikati ya Kitengela ina bwana mmoja, na mitaa iingiayo kuume na kushoto ina bwana mwingine. Tena, mshonaji nguo akisha kuvuka mpaka wa mji kwenda kazini, huingia kaunti ya Machakos, kwani viwanda vya EPZ vimo huko. Katika mwendo wa asubuhi moja mtu huyu hupita mikononi mwa serikali tatu, wala hapana hata moja iliyoandika katika vitabu vyake safari yake yote. Wazee husema tembo wawili wapiganapo ziumiazo ni nyasi. Hapa tembo hawapigani; kila mmoja humpisha mwenziwe kwa adabu kubwa, na nyasi huumia vile vile.

Jambo la mitaani, hata hivyo, halina bwana wa pili. Mtaani ni kaunti peke yake, na mgeni atakaye kujua kazi ilivyo na aiache barabara kuu, aingie ndani ya mitaa saa mbili za usiku. Ploti za Kitengela nyingi ni za futi 50 kwa 100. Mwenye ploti alipojenga nyumba ya chini alibakiwa na ua. Alipobomoa na kupandisha ghorofa, ukuta ulifika kwenye mpaka wa ploti. Ramani zipelekwazo kuidhinishwa huonyesha nafasi za magari chini ya jengo. Lakini jengo likisha, si mara chache nafasi hizo huonekana zimekuwa duka la chakula, kinyozi, na chumba cha mabomba ya maji, maana duka hulipa kodi kila mwezi na motokaa ya mpangaji hailipi. Wapangaji wakirudi jioni, motokaa zao hulala njiani. Zikilala upande mmoja, njia hubaki nyembamba. Zikilala pande zote mbili, hubaki ufa wa kupita gari moja, na ndani ya ufa huo hupita pikipiki, mkokoteni wa maji, mtoto aliyetumwa dukani, na baisikeli. Moto ukitokea nyuma ya mtaa, gari la kuuzima litasimama wapi?

Wenye motokaa nao wana neno lao, na si neno la kudharauliwa. Wengi walinunua gari kwa mkopo baada ya kuchoka kusimama kituoni alfajiri. Gari limeibiwa vipuri mara moja au mbili. Kuliacha mbali na dirisha ni kulitoa sadaka. Wakiambiwa waliondoe njiani huuliza, tulipeleke wapi? Swali hilo si la mpangaji kulijibu. Ni la mwenye nyumba, na zaidi ni la ofisi iliyoidhinisha ramani kisha isirudi kutazama jengo.

Katika nchi ya Japani jambo hili lilikatwa mapema. Sheria yao ya mwaka 1962 ilianzisha kanuni kwamba mtu atakaye motokaa aonyeshe kwanza ana mahali pa kuilaza pasipo njia ya watu wote. Mitaa ya Tokyo ni myembamba kuliko ya Kitengela, na mingi haina hata ukingo wa miguu, lakini watoto huenda shule kwa miguu, kwa sababu motokaa hazilali humo. Hapana lazima Kajiado ifuate sheria ya Japani neno kwa neno. Lakini bunge la kaunti, ambalo kila mwaka hupitisha Sheria ya Fedha yenye ada za maegesho, lina uwezo wa kupitisha pia ya kuwa katika mtaa fulani motokaa zilale upande mmoja tu, na upande wa pili uachiwe watu. Kazi hiyo huhitaji rangi, nguzo fupi na mtu wa kutazama; haihitaji mkopo wa benki.

Nairobi ilijaribu kabla yao. Mwaka 2015 kaunti ile ilitoa mwongozo wa kuwasaidia waendao kwa miguu na kwa baisikeli, ikaahidi kutenga 20 kwa 100 ya fedha za barabara kwa ajili yao. Kuitimiza ahadi hiyo kumekuwa kazi ngumu. Hata hivyo katika mwaka 2020 na baada yake baadhi ya nafasi za maegesho katikati ya mji, kama zile za Kenyatta Avenue, zilitolewa, zikafanywa njia pana za miguu na baisikeli. Palikuwa na kelele nyingi kwanza. Kisha watu wakaanza kupita.

Juu ya baisikeli yafaa kusemwa neno, kwa kuwa wengine hudhani zama zake zimepita. Jina la bodaboda lilianza kwa baisikeli, huko mpaka wa Busia, miaka ya 1960, zilipokuwa zikivusha watu na mizigo kati ya Kenya na Uganda. Mwaka 2008 serikali iliziondolea kodi pikipiki ndogo, na tangu hapo pikipiki ndizo zilizojaza vituo. Lakini kwa mfanya kazi wa kiwandani nauli ya kila siku, kwenda na kurudi, si kitu kidogo katika mshahara wake. Kutoka mitaa mingi ya Kitengela mpaka viwandani ni mwendo unaowezekana kabisa kwa baisikeli, na nchi yenyewe ni tambarare. Kinachowazuia wengi si uvivu wala aibu; ni hofu ya lori lililo mgongoni, lisiloonekana mpaka lipite.

Kutoka Kitengela mpaka Kajiado, makao makuu ya kaunti, ni kilometa karibu 50. Nyumba hupungua, mbuga hufunguka, na ng'ombe huonekana wakivushwa barabara na kijana mmoja mwenye fimbo, naye huwavusha kwa ustadi kuliko alama yo yote. Isinya hupita upesi. Kajiado ni mji wa zamani zaidi, uliokaa kwenye reli itokayo Konza kwenda Magadi, na jina lake latokana na neno la Kimasai lenye maana ya mto mrefu. Hapo ndipo ilipokuwa halmashauri ya Ol Kejuado mpaka mwaka 2013, kabla ya serikali ya kaunti kuanza. Halmashauri ile, kwa kushirikiana na wenye ardhi, iliwahi kuandaa mpango wa matumizi ya ardhi wa Kitengela, Isinya na Kipeto, ili malisho yasimezwe yote na ploti. Mpango huo ni ushahidi ya kuwa wenyeji wakiketi pamoja na ofisi huweza kuandika jambo la maana. Lakini uliwaza zaidi habari za ng'ombe, wanyama wa porini na majengo kuliko habari za mtu avukaye barabara.

Sheria ya serikali za kaunti ya mwaka 2012 huwapa wananchi haki ya kusikilizwa kabla ya maamuzi kukatwa. Mikutano huitishwa, matangazo hubandikwa, na wenye maneno huja. Mara nyingi huitishwa mchana, siku ya kazi. Mwenye nyumba huja, mwenye matatu huja, mwenye duka aliyepanga masanduku yake kwenye njia ya miguu huja pia. Mshonaji nguo yuko kwenye cherehani, na akikosa siku moja hukatwa mshahara. Basi maegesho huzungumzwa sana, na kivuko huzungumzwa kidogo. Mkutano ukiitishwa Jumapili alasiri, katika uwanja wa shule pale pale Kitengela, huenda orodha ya mambo ikabadilika.

Jioni magari yaendayo kaskazini huondoka Kajiado yakiwa yamejaa. Yafikapo Kitengela jua limekwisha tua, viwanda vimefungua milango, na ule msafara wa alfajiri unarudi kwa njia ile ile. Wenye baisikeli wengi hawana taa. Walio mbele hushuka na kuzisukuma mahali palipo na magari yaliyopandishwa juu ya kijia. Walio nyuma huzungukia upande wa lami, kwa kuwa ni njia fupi zaidi, na taa za malori huwamulika migongoni mmoja mmoja mpaka waingie mitaani.