SANTURI YA BABU YAINGIA KWENYE KOMPYUTA

Wiki hii nawapumzisha na habari za mahaba, nazungumzia waya. Ndiyo, waya! Vijana wa mjini wamerudi kwenye santuri, wengine kwa kuzipenda kweli, wengine kwa kuwa zinapendeza ukutani, na nawafahamu wawili watatu walionunua pleya ya santuri yenye waya wa USB, ikagoma kutoa sauti, sasa imefunikwa kitambaa kama maiti.

Ya kwangu niliichukua Kariakoo, mtumba lakini nzima, na wala sikuitaka kwa fasheni. Ni kwa ajili ya babu.

Babu alikuwa kuli bandarini hapa Dar. Ana santuri arobaini na kitu, nyingi ni zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, wimbo mmoja kila upande. Mbaraka Mwinshehe yumo, NUTA Jazz wamo. Enzi hizo bendi ikirekodi Redio Tanzania, wimbo ulibaki kwenye tepu za redio; santuri zilichapwa Nairobi. Hizo za mastaa hazinikoseshi usingizi, utazikuta intaneti. Kasheshe ni moja tu, ya bendi ndogo ya Tanga iliyotoa santuri hiyo hiyo, basi, ikafa. Jina babu kanikataza kuliandika, anasema wengine bado wapo hai na wanadaiana mpaka leo!

Upande wa B, anayepiga gitaa la solo na kuimba ubeti wa pili ni kaka yake babu, aliyefariki mwaka 1981. Hatuna kaseti yake, hatuna chochote kingine chenye sauti yake. Na yupo binti yake huko Tanga, mimi namwita shangazi, aliyezaliwa miezi mitatu baada ya mazishi. Hajawahi kumsikia baba yake hata siku moja, maana gramafoni ya babu ilikufa kabla mimi sijazaliwa.

Sasa, santuri siyo CD. Sindano inapita ndani ya mfereji wenyewe, kila ukiipiga inalika kidogo, na ya kwetu imeshalika vya kutosha. "Mke wangu," babu akaniambia (si mnajua utani wa babu na mjukuu), "hiyo mashine yako isije ikaimaliza." Tukakubaliana: majaribio yote yafanyike kwa santuri ya Kizungu aliyopewa na baharia fulani, ambayo hata ikifa hakuna msiba.

Msomaji, kwanza elewa kwamba mashine hizi zina njia mbili za kutolea sauti, na haziingiliani. Kuna waya wenye vichwa vyekundu na vyeupe, huo ni wa spika. Kuna waya wa USB, huo ni wa kompyuta. Ukitaka kusikiliza tu, kompyuta huihitaji kabisa! Muuzaji hakuniambia hilo, alisema "chomeka tu, dada".

Kwenye spika, zinatakiwa zenye umeme wake, hata sabufa ya nyumbani inafaa. Spika kavu bila amplifaya haziamki. Halafu geuza mashine uangalie nyuma, zipo nyingi zenye swichi ndogo iliyoandikwa PHONO na LINE. Hapo ndipo wengi wanapokwama. Sindano inatoa umeme mdogo mno, milivolti chache tu, na isitoshe santuri inapochongwa besi hupunguzwa na sauti nyembamba huzidishwa, ili mfereji usitanuke ovyo. Lazima kitu fulani kiikuze sauti hiyo na kuirudisha sawa. Kazi hiyo mashine ya USB inaifanya yenyewe, ukiweka LINE. Ukiiacha PHONO na kuunga kwenye sabufa, utasikia mbu anaimba. PHONO ni kwa amplifaya za kizamani zenye tundu lake maalumu. Na tafadhali usiiweke pleya juu ya sabufa! Mtikisiko wa besi unarudi kwenye sindano, nyumba nzima inanguruma.

Kwenye kompyuta kuna kizaazaa kingine. Ukichomeka USB, kompyuta inaweza kuidhania mashine kuwa ni maikrofoni na spika kwa pamoja, ikapeleka sauti zote huko, spika zake zikawa bubu. Haijaharibika. Ingia kwenye mipangilio ya sauti, chagua spika za kompyuta kwa kutolea, USB kwa kuingizia. Programu niliyotumia ni Audacity, ya bure. Weka stereo, 44,100, na uhifadhi kwa WAV kwanza, MP3 baadaye. Wimbo wa dakika tatu unakula kama MB 32, si kitu. Tazama mistari ya sauti isigonge kwenye nyekundu, maana ikigonga sauti inapasuka na hakuna dawa.

Tulimpiga yule Mzungu wa baharia mara sita mpaka kila kitu kikakaa sawa. Ndipo babu mwenyewe akaifuta santuri yake vumbi kwa kitambaa laini, akaiweka, akanipa ishara. Nikabonyeza kurekodi, nikashusha sindano. Hakuna aliyekohoa. Ulipofika ubeti wa pili babu aliinamisha kichwa, wimbo ukaisha, akakaa kimya weee... halafu akasema, "Alikuwa na mafua siku ile."

Nakala moja ipo kwenye kompyuta, moja kwenye flashi ndani ya sanduku la babu, na moja nikaituma Tanga kwa simu. Shangazi alipiga saa nne usiku. Hata salamu hakutoa, yeye ambaye ukisahau kumwamkia anakununia wiki nzima. Akauliza, "Huyu wa pili ndiye?" Nikampa babu simu. Waliongea mpaka salio likakata, nikatumwa dukani kununua vocha, wakaendelea.

Upande wa A bado. Una mkwaruzo mrefu na sindano inaruka mara mbili. Babu anasema huko kaka yake hakuimba, ila mwishoni kabisa, gitaa linapofifia, kuna mtu anacheka, naye anaijua hiyo sauti. Jumamosi tunaufanya.