Safari ya Mombasa bila mvuke wa embe

Je, umewahi kuketi ndani ya garimoshi huku moyo ukikusihi uteremke kabla halijaondoka, si kwa kuwa umesahau mzigo nyumbani, bali kwa kuwa kuna kitu ulichokitupa kwenye pipa la taka pale nje nawe unakitaka tena? Mimi yalinifika katika stesheni ya Syokimau wakati wa likizo ya Agosti mwaka wa 2025, nikiwa na mama watoto pamoja na binti yetu wa miaka tisa. Kitu chenyewe kilikuwa sigara ya kielektroniki, hii ambayo vijana wa mjini huiita vepu.

Wiki mbili kabla ya safari hiyo, binti yangu alipekua mfuko wa koti langu akitafuta peremende. "Baba, kalamu yako inanukia embe," aliniambia. Nilipogeuka, tayari alikuwa ameitia mdomoni. Nilimpokonya kwa kishindo hata akalia. Usiku huo sikupata usingizi. Mimi niliyemkataza soda siku za shule ndiye niliyeleta nikotini nyumbani, tena ikiwa imevikwa harufu ya tunda analolipenda kuliko yote.

Sigara za kawaida niliziacha mwaka wa 2021, nikajipongeza, kisha nikahamia vepu. Kifaa hiki kwa namna tunavyokijua leo kilibuniwa mwaka wa 2003 na mfamasia wa China, Hon Lik, na ni kweli hakina moshi wa majani yanayoungua. Lakini sigara, hata iwe mbaya vipi, ina mwisho: huungua ikafika kwenye kichungi, ukaikanyaga ukaenda zako. Hii yangu haikuwa na mwisho. Niliivuta kitandani, msalani na kwenye msongamano wa magari. Vifaa vingi vya siku hizi hutumia nikotini ya chumvi ambayo haikwaruzi koo, kwa hivyo mtu huvuta nyingi bila kuhisi, na kila mvuto hufika ubongoni kwa muda wa sekunde kumi hadi ishirini.

Basi mama yangu mdogo, anayeishi Kibokoni katika Mji wa Kale wa Mombasa, alipotualika, nikakata shauri kwamba safari hiyo ndiyo itakayonitenga na kifaa hicho. Saa moja asubuhi nilivuta mara ya mwisho nje ya stesheni, nikakitupa. (Baadaye niligundua kwamba ndani yake mna betri ya lithiamu, na kwamba pipa la taka si mahali pake. Hilo nalo nilikosea.)

Ukitaka kusafiri na watoto, nakushauri uchague garimoshi la asubuhi, lile linalosimama stesheni za njiani. Nauli ya daraja la kawaida ilipandishwa hadi Sh1,500 mnamo Januari 2024. Fika mapema, maana mizigo hupangwa chini kwa mstari ili mbwa wa polisi wainuse. Binti yangu alifurahia mbwa hao kupita kiasi. Mimi nilikuwa nikiliangalia lile pipa.

Nikotini mwilini hupungua kwa nusu kila baada ya saa mbili hivi. Tulipopita Athi River sikuhisi lolote, nikadhani nimeshinda. Kufikia saa tatu nusu ilikuwa imeondoka. Kufikia saa tano ilibaki robo. Tulipoingia nchi ya Tsavo, abiria wote walijazana upande mmoja wa behewa wakitazama ndovu waliojipaka udongo mwekundu. Mimi nilikuwa nikitafuna kofia ya kalamu. Kijana mmoja, kwa umri wake huenda ni mwanafunzi wa chuo, alitoka msalani akapita karibu nami akinukia mnanaa. Nilijua mara moja alichokuwa akifanya humo, na wallahi, nilisimama nimfuate nikamwombe. Mama watoto alinishika mkono bila kusema neno, nikaketi.

Saa nane mchana tulipoteremka Miritini, kichwa kilikuwa kinaniuma na joto la pwani likanipokea kama tanuri.

Mji wa Kale hautembelewi kwa haraka. Ukitoka Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593, unaingia vichochoroni ambako roshani za mbao zinakaribia kugusana juu ya kichwa chako. Jioni muuza kahawa hupita na dele lake, akigonganisha vikombe hata ukamsikia kabla hujamwona. Nilikunywa kahawa chungu na kashata, nikaongeza kikombe cha pili na cha tatu. Usinifuate katika hilo. Usiku huo mikono ilitetemeka, na usingizi, ambao tayari huvurugika mtu anapoacha nikotini, ulinikimbia kabisa.

Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya zaidi, na ningependa uyajue haya kabla hujaanza. Hasira huja bila sababu. Tulikuwa ufuoni mwa Mama Ngina, chini ya mibuyu mikubwa, tumezungukwa na wauzaji wa madafu na mihogo ya kukaanga iliyonyunyiziwa pilipili na ndimu. Binti yangu alinishika shati kwa vidole vyekundu vya mabuyu. Nilimfokea mbele ya watu, nikamfokea tena aliponyamaza. Alikwenda kusimama karibu na mamake, akafunga ile pakiti ya mabuyu na hakula tena. Meli kubwa ilikuwa ikiingia Kilindini, nao watoto wengine wakiipungia mikono. Yeye hakupunga.

Mama mdogo aliyasikia hayo tuliporudi. Hakunikemea. Alinionyesha kijaluba chake cha shaba. Nyinyi mliokulia bara huenda hamjakiona: ni kikebe kidogo cha kutilia tambuu, popoo, chokaa na tumbaku. Vitu hivyo kwa pamoja, katika Kiswahili cha pwani, ndivyo vilivyoitwa uraibu, kabla sisi wa magazeti hatujalichukua neno hilo na kulitumia kwa kila kitu kinachomteka mtu. Yeye alitafuna kwa miaka mingi, hadi mganga wa meno alipoona alama nyeupe ndani ya shavu lake na kumwambia aache. Sikushangaa, maana popoo peke yake, hata bila tumbaku, imethibitishwa kuwa husababisha saratani.

"Mwanangu, kijaluba sikukitupa," alisema. "Mkono wangu ulishazoea kufungua. Nimeutilia kitu kingine cha kufungua."

Ndani mlikuwa na karafuu na iliki.

Nilipotafakari, niliona kwamba nilikuwa nimepigana na nikotini tu, nikausahau mkono. Kiu yenyewe, inapokuja, haidumu; mara nyingi hupoa kwa dakika chache hata usipofanya lolote. Lakini mkono huingia mfukoni ukatoka mtupu, na hapo ndipo mtu hukasirika. Nikaanza kuhesabu: mbisho mmoja wa karafuu, glasi ya maji, mwendo wa kutoka Kibokoni hadi bandari ya zamani na kurudi. Niliporudi kiu ilikuwa imekwenda. Siku ya tatu nilifanya hivyo mara kumi na nne.

Kabla hujadhani kwamba karafuu ni dawa, nikuambie kwamba mchana huo pia niliingia duka la dawa, nikanunua chingamu ya nikotini. Shirika la Afya Duniani liliiweka chingamu hiyo pamoja na kibandiko cha nikotini kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka wa 2009. Haitafunwi kama chingamu ya kawaida. Unaitafuna polepole hadi uhisi ukali, kisha unaiweka kati ya ufizi na shavu, unangoja. Nilipoitafuna kwa pupa nilipata kwikwi, mtoto akacheka, na hicho kilikuwa kicheko chake cha kwanza kwangu tangu Mama Ngina. Wewe mwenye ujauzito, ugonjwa wa moyo au umri wa chini ya miaka 18, muone daktari kwanza. Wala usiache vepu ukaingia kwenye muguka, kama nilivyoshauriwa na jamaa mmoja barazani. Na iwapo huna wa kumwambia, piga simu ya bure ya NACADA, 1192.

Wanafunzi nao wana shida moja ambayo sisi wazee hatukuwa nayo. Ubongo huendelea kukua hadi miaka 25 hivi, na nikotini huunasa upesi zaidi ukiwa bado mchanga. Yule kijana wa garimoshi namkumbuka mara kwa mara. Natamani ningemfuata kweli, si kwa kumwomba, bali tuzungumze.

Jioni kabla ya kuondoka nilimwomba binti yangu msamaha tukiwa kwenye kivuko cha Likoni, tumebanwa kati ya mikokoteni na watu. Aliniuliza kama ugonjwa wangu unaambukiza. Nikamwambia ndiyo, kwa namna fulani, ndiyo maana nilimpokonya ile kalamu.

Pwani, hata hivyo, ilikuwa rahisi. Hakuna pembe ya Mombasa niliyowahi kuvutia mvuke, kwa hivyo hakuna ukuta ulionikumbusha. Nairobi kila kitu kilinikumbusha: roshani yetu, ngazi za ofisini, msongamano wa Jogoo Road saa kumi na mbili jioni. Wiki ya tatu, wakati kichwa kilikuwa kimetulia na usingizi umerudi, ndipo nilipokaribia kununua kingine, kwa sababu tu gari lilisimama mahali pale pale nilipozoea kuvuta. Sasa napitia barabara nyingine, ingawa ni ndefu zaidi, na pakiti ya chingamu naibakisha mkobani.

Mama mdogo alinipa kijaluba kimoja cha zamani, nacho hukaa garini. Juzi nikimpeleka shule, binti yangu alikifungua, akanusa.

"Hii si ya embe," alisema, akachukua iliki moja, akakirudisha mahali pake.