Kutoka Jangwani kwenda jangwani

Haya wandugu, nimerudi. Najua nimewatupa mkono kwa muda mrefu na wengine mlishaanza kuniuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa Phoenix, jimbo la Arizona, Marekani, kwa wiki sita za mafunzo ya uandishi wa habari, Juni na Julai 2024. Kuhusu mafunzo yenyewe nimeshaandika ripoti kwa mhariri wangu, na ripoti moja inatosha. Leo nataka tuongee habari za gofu.

Ndiyo, gofu. Msicheke kwanza.

Najua wengi wetu gofu tunaiona mwishoni mwa taarifa ya habari, mkurugenzi mmoja akimkabidhi kombe mkurugenzi mwenzake. Hata mimi habari hizo nimeziandika sana gazetini: aya nne, picha ya kombe, na majina ya wadhamini wote bila kukosea hata herufi (ukikosea jina la mdhamini ndiyo utajua mhariri ana sauti kiasi gani). Lakini kwetu nyumbani gofu ina habari nyingine kabisa.

Baba yangu mdogo alibeba mifuko ya wachezaji kwenye klabu moja kwa miaka 19. Jina la klabu naliacha kapuni. Ukimtajia shimo lolote la pale atakwambia upepo wa saa tisa unatokea wapi, mpira ukiangukia upande gani unateremka, na mheshimiwa gani anapenda kuhesabu mapigo yake kwa kusahau. Yeye mwenyewe hakuwahi kucheza pale kama mchezaji. Siku moja jioni, wenyewe wakiwa wameshaondoka, alikutwa anapiga mpira kwa fimbo iliyovunjika ambayo aliiunga kwa waya. Akasimamishwa wiki mbili bila ujira. Kisa hicho amenisimulia mara moja tu, na sijawahi kumwomba arudie.

Mimi alinifundisha kwenye viwanja vya Jangwani, kwa sababu nyumbani ni Magomeni (watu wa Msimbazi mtanisamehe, naongelea viwanja na siyo timu). Tulikuwa na tawi la mpera lililopinda mwishoni na mipira mikuukuu aliyookota vichakani. Shimo lilikuwa kopo la maziwa. Wenzangu walikuwa wanacheza chandimu upande wa pili na kunicheka.

Basi nilipokwenda kumuaga akaniuliza, "Huko unakokwenda wanacheza?" Nikamwambia nimesoma kwamba mji huo na miji inayouzunguka ina viwanja zaidi ya mia moja, na vingi vyake mtu yeyote anacheza. Akakaa kimya. Halafu akasema, "Basi mwanangu ukacheze kimoja. Kimoja tu. Halafu unipigie unieleze."

Kumbe kuchagua hicho kimoja ni kazi.

Kwanza nilijifunza kwamba neno "umma" kwenye gofu ya wenzetu lina maana mbili. Kuna viwanja vya klabu binafsi, hivyo tunavijua, kama huna mwanachama wa kukualika huingii. Kuna vilivyo wazi kwa umma kwa maana ya kwamba mwenye pesa yoyote anaingia. Halafu kuna vya manispaa, vilivyojengwa na jiji kama linavyojenga maktaba au bwawa la kuogelea. Kwenye matangazo aina hizi mbili za mwisho zinaitwa kitu kimoja. Mfukoni tofauti yake utaiona.

Nikaanza na TPC Scottsdale, kwa sababu ndiyo niliyoijua kwenye televisheni. Pale ndipo Tiger Woods alipopiga mpira mmoja ukaingia moja kwa moja kwenye shimo la 16, mwaka 1997, na watu wakarusha vikombe vya bia uwanjani. Eti ni uwanja wa umma, na ni kweli, mimi na wewe tunaruhusiwa. Ila wakati wa baridi, ambao ndio msimu wao, bei ni mamia ya dola kwa mzunguko mmoja. Kiangazi bei inaporomoka, lakini hata ikiporomoka ilikuwa bado inaning'inia juu ya kichwa cha mwandishi wa habari wa Bongo. Nikafunga ukurasa.

Nikahamia kwenye vya jiji la Phoenix. Aguila, uko kusini huko Laveen, na bila gari ni safari. Cave Creek, uliojengwa juu ya lililokuwa dampo la taka, jambo ambalo nililipenda sana lakini nao uko mbali kaskazini. Nikabaki na Papago na Encanto.

Papago ndio mrembo. Ulifunguliwa mwaka 1963, uko chini ya miamba myekundu, na watu hutoka mbali kuja kuucheza. Eneo hilo lina kisa ambacho kilinikaa kichwani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili kulikuwa na kambi ya wafungwa wa kivita wa Kijerumani pale Papago. Desemba 1944 wafungwa 25 walichimba handaki wakatoroka. Watatu kati yao walikuwa wametengeneza mtumbwi wa kukunja, kwa sababu kwenye ramani waliuona Mto Salt umechorwa buluu, wakapanga kuufuata kwa maji. Walipofika mtoni hakukuwa na mto. Kulikuwa na tope na mchanga. Wote 25 walikamatwa, wa mwisho Januari 1945.

Kisa hicho kilinifanya niulize swali ambalo nadhani kila anayecheza gofu jangwani anapaswa kuuliza: haya majani yanakunywa nini? Mto Salt una mabwawa juu, maji yanageuzwa kwenda mjini na mashambani, na mkondo wenyewe unapita mjini ukiwa mkavu sehemu kubwa ya mwaka. Mto Colorado nao, ambao Arizona inautegemea sana, ulipungua mpaka Agosti 2021 serikali ya Marekani ikatangaza upungufu rasmi kwa mara ya kwanza, na mgawo wa Arizona ukakatwa kuanzia 2022. Viwanja kadhaa vinamwagilia kwa maji taka yaliyosafishwa, na hilo linapunguza dhambi. Lakini mimi ni mtoto wa Dar. Oktoba 2022 Mto Ruvu ulipopungua tukaingia kwenye mgao, na nyumbani tulikuwa tunaamka usiku wa manane kukinga ndoo. Sikuweza kuangalia vile vinyunyizio bila kuhesabu ndoo.

Jingine nililojifunza ni msimu. Majani ya kiangazi kule yanaitwa bermuda. Nikayaangalia kwa karibu, nikayang'oa kidogo (msimwambie mtu), jamani ni ukoka! Ukoka huu huu unaotambaa pembeni ya barabara zetu na mbuzi wanautafuna. Baridi ikija unakauka na kuwa rangi ya mkate, kwa hiyo Oktoba wanafunga viwanja kwa wiki kadhaa wanamwaga mbegu za majani mengine ya baridi ili watalii wakute kijani. Kwa hiyo ukitaka bei ndogo unacheza kiangazi, kwenye ukoka, na unalipa kwa jasho. Nalo ni jasho kwelikweli: mwaka 2023, kuanzia mwisho wa Juni hadi mwisho wa Julai, Phoenix ilikuwa na siku 31 mfululizo za nyuzijoto 43 na zaidi. Mtu mwenye akili anaanza jua linapochomoza, kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, na saa tatu ameshakaa kivulini.

Nilikuwa nimeshaamua Papago. Siku moja kabla ya kulipa nikampigia baba mdogo kumweleza habari ya miamba myekundu. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza, "Hicho ungeweza kurudi kesho?"

Nikapiga hesabu ya teksi na posho yangu. Nikamwambia hapana.

"Basi hicho bado ni cha wenyewe. Tafuta ambacho ungeweza kurudi kesho."

Ndugu zangu, nimesoma chuo kikuu miaka mitatu, na hakuna mhadhiri aliyewahi kunipa kipimo kizuri hivyo cha neno "umma".

Ndiyo nikachagua Encanto. Hauna miamba. Ni tambarare, una minazi ile isiyozaa nazi, na majengo marefu ya katikati ya mji yanachungulia nyuma ya miti. Ulijengwa miaka ya 1930 na William P. Bell, baba wa yule William F. Bell aliyekuja kuchora Papago. Pembeni ya ule mkubwa wa mashimo 18 kuna mdogo wa mashimo tisa, mapigo 30 kwa mchezaji anayejua. Kutoka kituo cha treni ya mjini pale Central Avenue ni mwendo wa kama kilomita mbili kwa miguu. Bei ya mashimo tisa pamoja na kukodi fimbo ilikuwa kama chakula cha mchana cha watu wawili pale mjini. Kesho ningeweza kurudi. Keshokutwa pia.

Siyo kwamba milango ya viwanja hivi ilikuwa wazi tangu mwanzo kwa watu wa rangi yangu. Ilibidi familia moja ya Atlanta, akina Holmes, wafike Mahakama ya Juu ya Marekani, Novemba 1955, ndipo ikaamriwa kwamba mji hauwezi kuwafungia watu weusi uwanja wa gofu uliojengwa kwa kodi zao. Chama cha wachezaji wa kulipwa, PGA, kilikuwa na kifungu cha kuruhusu wazungu tu mpaka 1961. Na hapo hapo Phoenix, mtu mweusi aliyeitwa Bill Dickey alianzisha mwaka 1984 mfuko wa kuwasomesha vijana wa jamii za wachache wanaocheza gofu. Kwa hiyo nilipokuwa natembea kwenda Encanto alfajiri ile, kuna watu walikuwa wameshanitangulia kuisafisha njia.

Dirishani alikaa kijana mwenye usingizi. Akaniuliza jina langu, na kama natembea au nakodi kigari. Nikasema natembea. Akanipa karatasi ya kuandikia mapigo. Nikasubiri swali linalofuata. Hakuwa nalo.

Kwa kuwa nilikuwa peke yangu niliunganishwa na wazee watatu, ndiyo desturi yao. Mmoja alikuwa dereva wa basi mstaafu, mwingine fundi wa kuezeka mapaa, wa tatu hakuongea kabisa. Tulipomaliza shimo la kwanza nikajikuta nimeinama na kushika mfuko wa yule dereva, tayari kuubeba. Sikuwaza, mkono ulikwenda wenyewe. Nilipokuwa mdogo ndivyo nilivyokuwa nikimpokea baba mdogo mizigo. Mzee akaniangalia, akasema taratibu, "Kijana, huo wangu. Wako ule pale."

Kweli ulikuwa pale.

Nilipiga mapigo 57. Mawili yaligonga mnazi. Moja, kwenye shimo la saba, lilikwenda kama nilivyofundishwa, likapanda, likakaa hewani, likashuka hatua tatu kutoka kwenye bendera, na yule mzee asiyeongea akasema neno lake la kwanza asubuhi ile: "Safi."

Saa mbili asubuhi yao, saa kumi na mbili jioni ya kwetu, nikapiga simu.

"Shikamoo bamdogo."

"Marahaba mwanangu. Mlangoni walikuuliza nini?"

Hakuuliza mapigo. Hakuuliza uzuri.

"Jina. Na kama natembea au nakodi kigari."

"Halafu?"

"Basi."

Kimya kikawa kirefu mpaka nikadhani salio limekata. Halafu akauliza majani yakoje. Nikamwambia ukoka. Akacheka mpaka akakohoa. "Yaani wamevuka bahari kufuata ukoka, na sisi tunaufyeka!"

Ile karatasi ya mapigo nilimletea. Ameiweka kwenye Kurani yake, na kila mgeni akija anaonyeshwa shimo la saba.

Sijarudi nikiwa mhubiri wa gofu, na sitaki manispaa zetu zimwagilie nyasi wakati watu wanakinga ndoo. Lakini kile kipimo cha baba mdogo kinanisumbua kila ninapopita Jangwani. Viwanja vya wazi vya Dar tumeona vikimegwa kimoja baada ya kingine. Sasa mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi umeahidi bustani kubwa ya mji palepale nilipopigia mpira kwa tawi la mpera. Nitakwenda kuripoti uzinduzi wake, Mungu akipenda, na majina ya wadhamini nitayaandika sahihi.

Halafu nitakwenda mlangoni na baba mdogo, tusikilize wanatuuliza nini.