Uaminifu wa Mungu na Mabati ya Baba

Ndugu msomaji, leo naomba uniwie radhi. Wanaonisoma wamezoea kunikuta nikijadili bajeti, katiba na mienendo ya vyama vyetu vya siasa. Leo nataka kuandika juu ya jambo ambalo nimelikwepa kwa miaka mingi, nalo ni imani yangu. Wa kulaumiwa ni mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa tatu.

Mwishoni mwa muhula uliopita alinifuata ofisini baada ya mhadhara juu ya uraia na dola. Alinisalimu kwa adabu, akaketi, akanitazama kidogo, kisha akasema: “Mwalimu, darasani unatufundisha kwamba haki haiombwi kwa magoti bali hudaiwa. Lakini Jumapili nilikuona kanisani, ukasimama kushuhudia kwamba Mungu ni mwaminifu. Sasa sisi tushike lipi?” Nilimjibu kama wasomi wanavyojibu wanapobanwa: nikamtajia vitabu vitatu. Alishukuru, akaandika majina ya vitabu, akaondoka. Nilibaki na aibu, kwa sababu jibu langu halimo katika kitabu chochote kati ya hivyo. Limo Ulyankulu.

Nilizaliwa Ulyankulu mwaka 1978, katika makazi ya wakimbizi. Leo eneo hilo liko katika Wilaya ya Kaliua, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Urambo. Watanzania wengi wanalifahamu jina la Ulyankulu kwa sababu ya kwaya, hasa ile ya Barabara ya 13, na wengine hudhani kwamba Barabara ya 13 ni mtaa wa mjini. Siyo. Makazi yetu yalipopasuliwa porini, barabara zilipewa namba, na mtu alijitambulisha kwa namba ya barabara yake kama wengine wanavyojitambulisha kwa ukoo. Wazazi wangu walitoka Burundi mwaka 1972. Mauaji ya mwaka ule yaliwalenga zaidi Wahutu waliosoma, yaani walimu, wanafunzi na watumishi wa serikali, na wanaokadiria kwa uangalifu wanataja watu wasiopungua 100,000 waliouawa. Kaka yake baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alichukuliwa mchana, mbele ya wanafunzi wake, na hakuonekana tena.

Nalitaja hili mapema kwa sababu lina uhusiano na namna baba alivyozungumza juu ya Mungu. Katika ushuhuda wote niliomsikia akiutoa, na nilimsikia mara nyingi mno, hakusema hata mara moja kwamba Mungu alimwokoa mwaka 1972. Nilipokuwa kijana nilimuuliza sababu. Alijibu kwamba akisema Mungu alimwokoa yeye, itambidi pia aseme Mungu alimfanya nini kaka yake, na hilo halijui. Basi alisema tu kwamba Mungu ni mwaminifu. Kwa muda mrefu niliona kuwa hiyo ni hila ya maneno.

Walioletwa Ulyankulu waliteremshwa katika msitu wa miombo wenye mbung'o na wanyama wakali, wakapewa majembe na chakula cha kuanzia. Miaka michache baadaye watu walikuwa wengi kuliko maji na ardhi, na Mishamo ilipofunguliwa mwaka 1978 maelfu walihamishiwa huko. Mdogo wake mama alikuwa miongoni mwao. Waliobaki walilima mahindi, mihogo, maharage na tumbaku. Nimekua nikinusa moshi wa mabani ya tumbaku, na mpaka leo harufu hiyo ikinipitia popote pale, namwona baba akichochea moto usiku wa manane.

Nchi ile ilizoea wasafiri na wenye kungoja. Mtemi Mirambo, aliyeifunga njia ya misafara mwaka 1871 alipopigana na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora, alikuwa na boma lake Ikonongo, huko huko Ulyankulu. Mwaka uliofuata, miaka mia kamili kabla ya wazazi wangu kuvuka mpaka, David Livingstone alikaa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, akingoja wapagazi ambao Stanley alimwahidi kumpelekea kutoka pwani. Alingoja kuanzia Machi hadi Agosti, mgonjwa, bila njia ya kujua kama ahadi ile ilikuwa na mtu nyuma yake. Wapagazi walifika. Yeye alipofariki mwaka 1873 huko Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, akina Chuma na Susi na wenzao waliubeba mwili wake mpaka Bagamoyo, wakipita tena Kwihara. Tumefundishwa kuuita ujasiri wa Livingstone. Mimi nikiwafundisha wanafunzi huwaambia watazame mabega yaliyobeba.

Sasa nirudi kwenye nyaraka, maana hapo ndipo penye ugomvi wangu na Mungu.

Mwaka 2007 wakimbizi wa 1972 katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu walihesabiwa na kuulizwa wanachotaka: kurudi Burundi au kuomba uraia wa Tanzania. Tulikuwa takribani 218,000, na karibu wanne katika kila watano walichagua kubaki. Kwa haki yake lazima niseme kwamba ni nchi chache duniani zilizowahi kufungua mlango mpana namna ile. Mwaka 2010 ilifahamika kwamba maombi ya watu zaidi ya 162,000 yamekubaliwa. Lakini uraia ulikuwa umefungamanishwa na sharti la kuyahama makazi na kutawanywa katika mikoa mingine, na mpaka hapo vyeti havikutolewa. Tukawa watu wa ajabu: uraia wa Burundi tumeukana, uraia wa Tanzania tumekubaliwa, na mkononi hatuna karatasi yoyote. Tuliitwa raia wapya, na upya wenyewe hatukuwa tumeuonja.

Mwaka 2011 nilikuwa mkufunzi msaidizi katika chuo kimoja, nimefika hapo kwa michango ya waumini waliouza mahindi ili mtoto wa mwenzao asome. Nikapata ufadhili wa masomo ya uzamivu Ulaya. Nilihitaji pasipoti. Katika ofisi moja, ambayo sina haja ya kuitaja, niliambiwa nilete cheti. Nikaeleza. Nikaambiwa tena nilete cheti. Mtumishi wa tatu, kijana wa rika langu, alinicheka na kuniuliza kama nilikotoka hakuna vyuo. Ufadhili ule ukapita kwa mwingine.

Niliacha kwenda kanisani. Sikutangaza, sikuandika waraka, niliacha tu, kwa muda wa karibu miaka miwili. Nilimpigia baba simu na kumwambia maneno ambayo mtoto hapaswi kumwambia mzazi wake: kwamba amemngoja Mungu miaka arobaini, na alichopata ni namba ya barabara. Alikaa kimya, nikadhani simu imekatika. Kisha akasema: “Mwanangu, usimdai Mungu deni la watu.”

Nilikasirika zaidi. Niliona ni lile lile jibu la wanyonge ambalo watawala hulipenda. Na hapa, ndugu msomaji, sitaki kumkana yule kijana wa mwaka 2011 kwa urahisi, kwa sababu alikuwa na hoja. Nimewasikia viongozi, kwenye mazishi na kwenye mafuriko, wakiwaambia wananchi wamtumaini Mungu mahali ambapo walipaswa kuwaambia daraja litajengwa lini. Nimewasikia wachungaji wakiwaombea watu uvumilivu juu ya jambo ambalo barua moja tu ingelimaliza. Uaminifu wa Mungu ukitumika kuziba pengo la uaminifu wa mtumishi wa umma, huo ni wizi, na anayeibiwa ni Mungu pamoja na mwananchi. Kiswahili kinalijua jambo hili kuliko sisi tunaokisema. Imani, uaminifu, amana, amina, hata amani, yote yamechipuka katika shina moja la Kiarabu. Kazi ya umma ni amana. Ukiila, huna haki ya kumwambia mwenye mali aongeze imani.

Lakini sikuwa nimemtazama baba vizuri. Nilisikia maneno yake tu.

Mwaka 2012 nilienda Ulyankulu likizo, nikamkuta anafyatua matofali. Kumbuka hali ilivyokuwa: habari za kuhamishwa zilikuwa midomoni mwa kila mtu. Majirani wengi waliacha kukarabati nyumba. Watu walisita kupanda miti ya matunda, maana nani apande mwembe ili ale mwingine? Katikati ya hali hiyo mzee wa zaidi ya miaka sitini alikuwa anachoma tanuri la matofali, na pesa ya tumbaku ya msimu ule aliinunulia mabati. Kaka yangu mkubwa alimkemea waziwazi: “Baba, unaezeka nyumba ambayo utaambiwa uiache.” Baba alimwomba ampandishie misumari.

Jioni ile nilimuuliza kama anajua jambo ambalo sisi hatulijui. Akasema hajui lolote. Akafungua Biblia yake penye sura ya 32 ya Yeremia, akanipa nisome, naye akaendelea kupasha miguu moto. Nilikuwa nimeisikia habari hiyo utotoni bila kuielewa. Jerusalemu imezingirwa na jeshi la Babeli, nabii mwenyewe amefungwa uani mwa walinzi, na hapo ndipo ananunua shamba la binamu yake huko Anathothi, shamba ambalo pengine adui tayari analikanyaga. Anapima fedha, shekeli 17, anaita mashahidi, anatia hati sahihi, na hati zile anaagiza zitiwe katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Mimi mwanafunzi wa siasa niliona kitu ambacho hakuna mhubiri aliyenionyesha: Yeremia hakuishia kuomba. Alitayarisha nyaraka.

Na baba pia. Alikuwa na mkebe wa bati ambamo aliweka kila karatasi aliyopewa tangu mwaka aliovuka mpaka: kadi ya mgao wa chakula, vibali vya kutoka makazini, stakabadhi za kodi, za pembejeo, za chama cha msingi, nakala ya fomu ya uraia. Katika kila mkutano ulioitwa alikwenda na mkebe wake, akasimama, akauliza lini. Aliandika barua, kwa mwandiko wa mtu aliyejifunza kusoma kanisani, na nyingine alinipa nizisahihishe Kiswahili. Sikuwahi kuuhusisha mkebe ule na imani yake. Niliviona kama vitu viwili: Jumapili mzee wa kanisa, Jumatatu mzee msumbufu wa mikutano. Kumbe alikuwa mtu mmoja. Alidai kwa sababu aliamini, na hakuchoka kudai kwa sababu tumaini lake halikuwa limewekwa mikononi mwa yule anayemdai. Mimi tumaini langu lilikuwa dirishani pa ofisi ile, ndiyo maana mtumishi mmoja aliyecheka aliweza kulivunja.

Baba alifariki mwaka 2013. Oktoba 2014 Rais Jakaya Kikwete alianza kugawa vyeti, na lile sharti la kuhama likawa limeachwa. Nyumba ya mabati haikubomolewa. Siku ya barabara yetu majina yalisomwa kwa orodha, na jina la baba lilikuwamo. Liliitwa mara mbili. Mtumishi akamuuliza mama mzee yuko wapi, mama akajibu: “Amelala.” Mtumishi alielewa, akaweka karatasi ile pembeni, akaita jina lililofuata, ambalo lilikuwa la mama.

Kwa hiyo mwanafunzi wangu akiniuliza kama Mungu alitimiza, siwezi kumpa hesabu safi. Sura ya 11 ya Waebrania inawataja watu waliokufa bila kuzipokea ahadi, wakaziona kwa mbali tu na kuzishangilia, na mwandishi anathubutu kuwaweka katika orodha ya mashujaa. Zamani niliona kwamba sura hiyo inamtetea Mungu kwa ujanja. Siku hizi naona kwamba ina ukweli kuliko mahubiri mengi ya Jumapili zetu, kwa kuwa haifichi kwamba hawakupokea. Habari ya baba mdogo, yule mwalimu, sina la kusema juu yake, kama ambavyo baba hakuwa nalo.

Mimi nilipata cheti, nikapata pasipoti, nikaipata shahada ya uzamivu mwaka 2019, nimechelewa miaka minane. Nilirudi kanisani kabla ya hayo yote, wiki ya mazishi, na sikurudi kwa kuwa nimepata jibu.

Mwezi uliopita nilikwenda Ulyankulu kujengea kaburi. Mama sasa haoni vizuri, lakini mkebe anajua ulipo. Alinipa niangalie kama nyaraka hazijaliwa na mchwa. Cheti chake kilikuwa juu, ndani ya mfuko wa nailoni, na chini kabisa ile kadi ya mgao, imetoboka kwenye mikunjo. Nikamwambia hii haina kazi tena, tunaweza kuitupa. Akanyoosha mkono niirudishe. “Iache mahali pake,” akasema. “Baba yako aliipanga hivyo.” Mvua ya kwanza ya msimu ilikuwa inaanza kupiga mabati, na hatukuweza kusikilizana tena, nikafunga mkebe na kwenda kuingiza kuku.