Ninatoka Ulaya

Mtu akisema "hayo ni mambo ya Ulaya," mimi hugeuka. Ni mazoea tu. Natoka Ulaya, ile kata iliyo kwenye barabara ya Kilosa kwenda Mikumi.

Mwaka jana nilipeleka mchezo wa jukwaani wa mtu mmoja kwenye tamasha la wanafunzi jijini Nairobi. Mada: historia ya haki za watu wanaopenda jinsia moja katika nchi zetu. Dakika 30, stuli moja, kanga moja na kitabu chenye jalada jeusi. Kitabu ndicho mhusika mkuu.

Kwa nini peke yangu? Kwanza, bibi aliyetutambia hadithi hakuwa na kikundi. Sungura, fisi na mvua vyote vilitoka kinywani mwake. Pili, wenzangu wawili walijitoa. Mmoja aliniambia wazi, "Dada, mimi nina mkopo na nina mama. Picha moja tu ikizunguka WhatsApp, nimekwisha." Sikumlaumu. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu yetu kinataja kifungo cha maisha, na kisichopungua miaka 30. Kuigiza siyo kosa hilo, ila uvumi hausomi vifungu.

Mchezo unaanza 1860, Waingereza wanapoipa India kanuni ya adhabu yenye kifungu cha 377. Naigiza karani anayenakili maneno "kinyume cha maumbile". Maneno hayo yakapanda meli, yakashuka makoloni mengi, na mpaka leo yamo kwenye sheria yetu na ya Kenya. Mwaka 1967 England na Wales zikaacha kuwafunga wanaume wazima waliokubaliana faraghani. Sisi tukabaki na kitabu.

Kisha nahamia Kampala, 2012. Mchezo wa The River and the Mountain, kuhusu mfanyabiashara shoga anayeuawa na wafanyakazi wake, ulionyeshwa bila kibali cha Baraza la Habari. Mtayarishaji wake, Mwingereza David Cecil, akakamatwa. Kesi ikafutwa Januari 2013, na mwezi uliofuata akafukuzwa nchini. Halafu Nairobi, Septemba 2018: Mahakama Kuu inaifungulia filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu kwa siku 7 tu, na watu wanajaza kumbi. Mwezi huohuo India yenyewe inapunguza makali ya kifungu cha 377. Tarehe 24 Mei 2019 majaji watatu wa Kenya wanakataa kufuta vifungu vyao. Hapo nakifunga kitabu, taa zinazimwa.

Baada ya makofi, yaliyokuwa ya wastani jamani, mzee mmoja akasimama. "Binti, nani kakutuma? Hayo mambo ni ya Ulaya."

"Shikamoo mzee. Ni kweli, mimi natoka Ulaya, wilaya ya Kilosa." Ukumbi ukacheka. Nikainua kitabu: "Ila hiki ndicho kilichotoka Ulaya ile nyingine."

Yeye hakucheka. Akasema taratibu, "Marahaba. Sheria imekuja na meli, nimekuelewa. Lakini imani yangu sikuisoma kwenye kitabu hicho."

Nimelibeba jibu lile mpaka Dar. Mzee ana hoja. Historia inaonyesha sheria ilikotoka. Haiwezi kumwambia mtu aamini nini. Wengi tunaobishana kwenye makundi ya simu tunachanganya hayo mawili, tukidhani tukimshinda mtu kwa tarehe tumemshinda kwa moyo. Kwa hiyo nimeongeza maneno machache mwishoni mwa mchezo, kabla kitabu hakijafungwa. Mhusika anamgeukia mtazamaji na kumuuliza: imani yako ni yako, sawa, je, inahitaji miaka 30 ya maisha ya mtu mwingine?

Swali hilo bado sijaliigiza mbele ya watu. Hapa nchini michezo ya jukwaani inahitaji kibali kwa sheria ya 1976, nami bado natafuta ukumbi utakaokubali kwanza kuusoma mswada.

Mama alinipigia kuuliza mchezo ulihusu nini. Nikamwambia, sheria.

"Ya ardhi?" Kwa Kilosa, yenye kesi za wakulima na wafugaji, hilo ndilo swali la kawaida.

"Hapana mama. Ya watu."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi ukija likizo utanieleza vizuri."

Likizo inaanza mwezi ujao.