Siku Zangu Tatu, Njaa Yake Siku Saba

Ndugu msomaji, huku kwetu mtu akihitaji mnyama wa kumbebea mzigo hatafuti farasi. Farasi hustahimili kwa shida maradhi ya nchi zetu, yakiwamo yale yaletwayo na mbung'o. Punda ndiye aliyeweza. Kuanzia vilima vya Tarime hadi nyanda za Serengeti, yeye ndiye abebaye maji, apelekaye mahindi mashineni na aletaye kuni. Mimi nilizaliwa Tarime mjini, ambako maji yalitufikia kwa bomba, na sikumfikiria punda hata siku moja mpaka nilipohamishiwa kufundisha katika kijiji kimoja kusini mwa Mto Mara, wilayani Serengeti.

Mume wangu ana duka dogo Mugumu. Huja nyumbani Alhamisi jioni na kuondoka Jumamosi alfajiri. Watoto wetu ni wanne. Mimi hutoka nyumbani saa 12:30 asubuhi na kurudi saa 10 jioni nikiwa na rundo la madaftari ya kusahihisha. Kisima kiko mwendo wa dakika 40, kwenda tu. Kazi hiyo ikamwangukia binti yetu mkubwa, ambaye wakati huo, mwaka 2019, alikuwa na miaka 11.

Jioni moja ustadhi wa madrasa alibisha hodi. Baada ya salamu aliniuliza kwa upole, "Mwalimu, binti yetu ameacha kusoma? Wenzake wanakaribia kumaliza Juzuu Amma, naye sijamwona wiki ya tatu sasa." Sikuwa na jibu. Mwanangu alikuwa mlangoni, dumu kichwani, maji yakimtiririka shingoni. Mtoto wa mwalimu alikuwa akikosa elimu kwa ajili ya maji ya kuoshea vyombo vya mama yake.

Nilianza kwa kukodi punda. Haikufaa, kwa maana siku niliyomhitaji ndiyo siku iliyohitajiwa na kila mtu. Nikafikiri kununua wa kwangu. Bei ilikuwa shilingi 300,000, na kwa kujibana ningeweza kuipata. Lakini nani angemchunga? Nani angempeleka majini na kumfungia usiku? Isitoshe, zama zile punda walikuwa wakiibwa sana. Upande wa Kenya yalikuwa yamefunguliwa machinjio yaliyonunua punda kwa wingi, ngozi zao zikipelekwa China kuchemshwa ili kupata gundi itengenezwayo dawa iitwayo ejiao. Sisi tulio karibu na mpaka tulilala tukiwasikiliza mbwa.

Aliyenionyesha njia ni jirani yangu, mjane wa Kikurya, Mkristo, ambaye watoto wangu humwita bibi nami humwita shangazi. Punda wake alikuwa ameibwa mwaka uliotangulia. Aliniambia, "Mwalimu, wewe una fedha na huna muda. Mimi nina zizi, nina wajukuu wa kuchunga, ila fedha sina. Tumnunue mmoja, tugawane siku."

Nilimwendea ustadhi kumwuliza hukumu ya jambo hilo. Alinieleza kwamba wanazuoni wa fiqhi wanaujua ushirika wa namna hii tangu zamani, nao huuita muhayaa: kitu kimoja kina wenyewe wawili, nao hupokezana manufaa yake kwa zamu. Gharama zake huwa juu ya wote wawili kwa kadiri ya hisa zao. Kuhusu tofauti ya dini yetu, alisema uaminifu ndio unaotazamwa, kisha akanisisitiza, "Andikeni. Aya ya 282 ya Suratul Baqarah inatuamuru kuandika deni na kuweka mashahidi, na dharau ya kutoandika ndiyo ivunjayo majirani."

Tukaandika. Kila mmoja alipaswa kutoa 150,000. Shangazi alikuwa na 100,000, nikamkopesha 50,000 iliyobaki, naye mwenyekiti wa kitongoji akashuhudia. Siku zangu zilikuwa Jumatatu, Jumatano na Jumamosi. Zake zilikuwa Jumanne, Alhamisi ya mnada na Ijumaa. Jumapili punda apumzike. Kwa kuwa ulishaji ungefanyika kwake, mimi ningelipia pumba na dawa. Tulikwenda mnadani pamoja, tukarudi na punda jike wa kijivu mwenye mstari mweusi mgongoni.

Miezi minne ya mwanzo ilikuwa ya raha. Binti yangu alichota maji ya siku mbili kwa safari moja, madumu manne ya lita 20, na akarudi madrasa. Mimi nikaona nimetimiza wajibu. Asubuhi ya zamu yangu mtoto alimleta punda, jioni alimrudisha, nami nililipa pumba kila mwisho wa mwezi. Zizini sikuwahi kukanyaga.

Kiangazi kilipofika tulianza kujenga vyumba viwili vya nyongeza. Fundi aliomba punda wa kusombea matofali, nami nikamwachia Jumamosi zangu bila kuuliza atabebesha mangapi wala atamtandika nini mgongoni. Nilikuwa na mitihani ya kusahihisha. Mwanangu wa pili aliniambia, "Mama, punda anatembea vibaya." Nikamjibu, "Mrudishe kwa bibi, leo zamu yetu imekwisha."

Maneno hayo yananiuma mpaka leo.

Jumatatu iliyofuata punda hakuletwa. Shangazi alikuja mwenyewe, akasimama uani, akasema tu, "Mwalimu, njoo uone." Nilikuta kidonda kipana kama kiganja juu ya uti wa mgongo, nzi wamekizingira, na kingine ubavuni palipokatwa na kamba. Mnyama hakuweza kuguswa. Shangazi hakunilaumu kwa neno hata moja. Alikuwa amevunja majani akiwafukuza nzi, na nilivyoona uso wake, alikuwa hapo tangu alfajiri.

Wiki hiyohiyo akapita mnunuzi. Alimtazama punda, akatoa bei ya 350,000, kidonda na vyote. Sote tulijua anakompeleka. Nitasema kweli, ndugu msomaji, kwa kuwa makala isiyo na kweli haina faida: aliyetaka kuuza ni mimi, si yule mjane mwenye ada za wajukuu shingoni. Nilipiga hesabu, nikamwambia, "Shangazi, tumuuze, tutanunua mwingine." Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Ametubebea maji mwaka huu. Tumemuumiza sisi, halafu tumpe mwenye kisu?"

Usiku ule baada ya Isha sikupata usingizi. Nilikumbuka hadithi niliyowahi kuwasomea watoto wangu mwenyewe, ya ngamia aliyekuwa katika bustani ya mmoja wa Ansari mjini Madina. Alipomwona Mtume, rehema na amani zimfikie, alitokwa na machozi, na Mtume akamkumbusha mwenye ngamia amche Mwenyezi Mungu juu ya mnyama aliyemilikishwa, kwa kuwa alikuwa akimshindisha njaa na kumchosha. Mimi nilidhani namiliki siku tatu za punda. Kumbe kidonda hakijui zamu, na njaa yake ilikuwa ya siku saba.

Asubuhi nilimwomba shangazi radhi, kisha nikamwita bwana mifugo. Aliosha vidonda, akadunga dawa, akaagiza punda asiguswe na mzigo kwa wiki sita. Gharama zote nilibeba mimi, pamoja na kumfidia shangazi siku zake alizozikosa. Maji tuliletewa na bodaboda kwa fedha iliyokuwa ya mabati, na vyumba vikasubiri. Siku ambazo fedha haikutosha, nilikwenda kisimani mwenyewe baada ya Alasiri, mimi na binti yangu, kila mtu na dumu lake. Hapo ndipo nilipojua njia ile ilivyo ndefu.

Punda alipopona tuliandika upya. Tuliongeza yale tuliyoyasahau mara ya kwanza: mzigo usizidi madumu manne au gunia moja, pawe na tandiko nene mgongoni, asikodishwe wala kuazimwa bila ridhaa ya wote wawili, akiugua, zamu zote zisimame, akizaa, mtoto ni wa wote, na hakuna wa kumuuza peke yake. Nikaongeza sharti moja juu yangu mwenyewe, kwamba kila Jumapili, siku isiyo na kazi, niende zizini nimkague kwato na mgongo.

Mzazi mwenye shughuli nyingi anayetafuta ushirika kama huu namshauri aanze hapo. Asiulize kwanza atampata mnyama siku ngapi. Aulize nani atamtazama siku zisizo zake. Na tuukumbuke msafara wa Badri, ambako ngamia walikuwa wachache na watu watatu walipokezana mmoja. Wenzake Mtume walijitolea kutembea ili yeye apande, naye akakataa, akashika zamu yake ya kutembea kama wao. Zamu ina haki, na haki hiyo ina upande wa kupanda na upande wa kutembea.

Mwaka 2020 Kenya ilitangaza kupiga marufuku biashara ile ya machinjio, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Afrika waliokutana Addis Ababa waliridhia kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Sisi tulikuwa tumekwisha amua kabla yao, zizini kwa shangazi.

Punda wetu alizaa. Mtoto wake sasa ndiye abebaye mahindi, na mama yake hupewa mzigo mwepesi. Binti yangu alihitimisha Juzuu Amma, akaendelea, na sasa yuko sekondari. Shangazi alimaliza deni lake la 50,000 kidogo kidogo. Nilipotaka kumsamehe elfu kumi ya mwisho alikataa, akanihesabia noti mbele ya mwenyekiti, akataka karatasi ya deni ichanwe hapohapo. Nikaichana. Ile ya pili, ya punda, bado tunayo, imekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki kwenye boriti ya zizi.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe waaminifu kwa majirani zetu, na kwa viumbe wake wasioweza kutushitaki kwa maneno.