Mwanafunzi Aliyeshika Kamba

Kaskazini mwa Ujerumani, mwezi wa Desemba, saa kumi na nusu jioni taa za barabarani zimeshawaka. Kwa sababu hiyo masomo ya mbwa huhamia ndani, kwenye ghala lililoacha kazi au banda la farasi lililotiwa sakafu. Wanakuja watu sita hivi, kila mmoja na mbwa wake na kijimkeka cha kumlaza. Mwalimu anapanga maboksi matupu sakafuni, moja lina kipande cha soseji, na mbwa anaachiwa alitafute kwa pua. Mchezo unaofuata ni taulo kuukuu lililoviringishwa na punje za chakula ndani yake. Mbwa alikunjue mwenyewe, kwa pua na makucha. Mtu wa kwetu akiyaona haya kwa mara ya kwanza hucheka, na simlaumu. Lakini akishamaliza kucheka, amsikilize mwalimu anasema na nani. Mbwa hasemeshwi sana. Anayekosolewa ni binadamu: kamba umeivuta mno, zawadi umeichelewesha, amri moja umeitamka mara nne, kwa nini akutii? Hilo ndilo ninalotaka tulichukue. Soseji na taulo wabaki nazo wakitaka.

Jimbo la Niedersachsen limeliweka jambo hili kwenye sheria. Tangu Julai 2013, anayetaka kufuga mbwa hufanya mtihani wa nadharia kabla ya kumchukua, kisha wa vitendo ndani ya mwaka wa kwanza. Anasamehewa aliyekwisha kufuga kwa miaka miwili mfululizo ndani ya kumi iliyopita. Tangu Agosti 2014, nchi nzima, anayefundisha mbwa wa watu kwa malipo lazima awe na kibali cha mamlaka ya mifugo. Marekani hakuna ulazima wa namna hiyo, lakini mtihani wa hiari wa chama cha American Kennel Club, ulioanza 1989, unafuata fikra ileile: mgeni anamsogelea mwenye mbwa, wanapeana mikono, na mbwa atulie. Anayepimwa pale ni mbwa pamoja na mtu wake.

Sasa tutazame nyumbani, hasa mijini. Kibao cha MBWA MKALI kiko getini. Mchana kutwa mbwa yuko bandani, usiku anafunguliwa azunguke uani. Mwenye nyumba akiona mbwa hasikii, anampigia simu mwalimu, mwalimu anakuja na gari, anamchukua kwa wiki kadhaa na kumrudisha akiwa "tayari". Tayari kwa nani? Amri anazijua mwalimu. Anayempa mbwa chakula ni mlinzi au dada wa kazi, anayemfungua usiku ni mlinzi, na hao wawili hawakuitwa hata siku moja kuona anavyoamriwa. Baada ya mwezi mbwa amerudia yaleyale, na lawama anaangushiwa yeye, au mwalimu, au aina ya mbwa. Mbwa wa kijijini yuko afadhali kwa upande mmoja: anatembea na wachungaji, ananusa atakacho, siku yake ina shughuli. Mbwa wa Ulaya anayekaa fleti hana uhuru huo, na mara nyingi anaachwa peke yake saa nyingi, ndiyo maana wakamtungia michezo ya ndani. Michezo hiyo ni tiba ya ugonjwa walioutengeneza wenyewe, tuseme kweli. Ila mbwa wetu wa nyuma ya geti ameukosa uhuru wa kijiji na hajapata darasa la mjini. Amepunjwa kotekote.

Na michezo yenyewe si upuuzi kama inavyoonekana. Mwaka 2019 Charlotte Duranton na Alexandra Horowitz walichapisha utafiti wa mbwa 20: kundi moja lilifanya kazi ya kunusa na kutafuta kwa wiki mbili, jingine likajifunza kutembea sambamba na mguu wa mtu. Walionusa waliliendea kwa haraka zaidi bakuli ambalo hawakujua kama lina chakula, dalili ya mnyama mwenye matumaini. Mwaka 2020 watafiti wa Ureno walilinganisha mbwa 92 kutoka shule mbalimbali. Waliofundishwa kwa adhabu walionyesha wasiwasi zaidi darasani, na homoni ya msongo katika mate yao ilipanda kuliko ya waliofundishwa kwa zawadi. Tena hatuna haja ya kwenda Ureno. Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu kwa mlio mdogo wa kibofyo na kipande cha ndizi. Magawa, panya wa huko, alitunukiwa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Nchi inayoweza kumfundisha panya kwa ndizi haina sababu ya kumfundisha mbwa kwa fimbo.

Nasikia pingamizi la kwanza: mbwa anayechezeshwa hatalinda. Huu ni woga wa kweli kwa mtu aliyewahi kuibiwa, lakini haukubaliani na yanayofanyika. Usa River, karibu na Arusha, shirika la African Wildlife Foundation huandaa mbwa wa kunusa pembe za ndovu pamoja na askari watakaowaongoza. Mbwa wa kazi hiyo, mara nyingi, hutafuta kwa bidii kwa sababu akipata anachezewa mpira. Kubweka kwa mgeni hakuhitaji kufundishwa. Kinachofundishwa ni kunyamaza anapoambiwa, na hicho ndicho wengi wetu hatuna.

Pingamizi la dini lina uzito, hasa mwambao. Kwa madhehebu ya Shafii mate ya mbwa ni najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Basi mbwa asiingie ndani. Maboksi yapangwe uani, na anayeyashika anawe. Fikihi hiyohiyo inaruhusu mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda, na kwa huyo wa kuwinda imeweka sharti kwamba awe amefundishwa ndipo windo lake lihalalike. Gharama siizungumzii sana: boksi la viatu, vichwa vya dagaa, ukoko wa ugali.

Kuna jambo zito kuliko tabia njema. Kichaa cha mbwa huua takriban watu 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na kati ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo, asilimia 40 ni watoto chini ya miaka 15. Kuuzuia kunahitaji asilimia 70 ya mbwa wachanjwe. Siku ya chanjo mbwa analetwa uwanjani kwa kipande cha kamba ya katani, mara nyingi na mtoto, hajawahi kushikwa shingoni, anazungukwa na mbwa wengine asiowajua. Anaponyoka, au anamuuma aliyemleta, na nyumba nyingine hazimleti kabisa kwa sababu hakuna awezaye kumshika. Kumzoesha mbwa kamba, na kumzoesha mtoto kuishika bila kuivuta, ni sehemu ya kazi ya chanjo, na maafisa mifugo wangeweza kuionyesha kwa nusu saa palepale uwanjani.

Wengi tunaosoma haya tuko ughaibuni, tumejenga Kigamboni au Kitengela, na mbwa wa pale tunamlipia sisi. Safari ijayo ukiombwa hela ya mwalimu, toa kwa sharti kwamba afundishe hapohapo nyumbani, na mlinzi awe darasani tangu siku ya kwanza, akilipwa muda wake. Mwalimu akikataa, tafuta mwingine.